Kichupa cha Sita

Nilihesabu mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimepiga magoti mbele ya friza ya dada yangu, na mara ya tatu nikiwa nimevitoa vichupa vyote na kuvipanga sakafuni juu ya gazeti. Vilikuwa vitano. Jumamosi alasiri nilikuwa nimeweka sita.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Sultan Hamud, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya dada yangu. Hoteli ilikuwa imefungwa kama kila Jumapili. Dada alishatoka kwenda kanisani, kwa kuwa waimbaji hufika kabla ya watu wengine. Mumewe ni dereva wa lori na siku hiyo alikuwa Mombasa, na binti yao yuko shule ya bweni. Ndani ya nyumba ile tulikuwa tumelala watu wawili tu, mimi na yeye.

Nilitoa mifuko yote ya nyama na samaki. Nikakwangua barafu kwa kijiko. Nikalala kifudifudi na kumulika chini ya friza kwa tochi ya simu, nikaona vifuniko vya soda na mchwa waliokufa. Nikafungua daftari langu la kazi. Mwandiko ulikuwa wangu, na ulisema sita.

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa barafu, lakini mgongo ulikuwa unatoka jasho.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika chuo kimoja mjini Kitui. Kazi yetu ni kukuza seli, za ini na za misuli ya moyo, ndani ya visahani vya plastiki, na kuchunguza jinsi mafuta yanavyoingia ndani yake. Juu ya ngozi ya seli kuna protini inayofanya kazi kama mlango, na asidi za mafuta hupitia hapo. Kile kilichokuwa ndani ya vichupa ni kemikali ya kuziba mlango huo. Jina lake kamili linajaza mstari mzima, kwa hiyo sisi tunaiita SSO tu. Ikishaushika mlango haiachilii. Ndiyo maana tunaitumia: unaziba mlango, halafu unaangalia seli itafanya nini bila mafuta.

Huja ikiwa unga. Sisi huuyeyusha katika kiowevu kisicho na rangi, ambacho nacho kina tabia zake. Kinapenya ngozi ya mtu upesi kuliko maji, na kikishaingia mwilini hutoka kwa pumzi kikiwa na harufu kama ya kitunguu saumu. Mtu mpya akianza kazi kwetu, jambo la kwanza tunalomwambia ni avae glavu.

Ijumaa ile friza yetu kubwa ya Kitui iliharibika. Fundi alisema atahitaji juma zima. Msimamizi wangu, profesa mmoja mtaratibu asiyependa kurudia maneno, aliniagiza nipeleke vichupa sita vilivyobaki kwa mtafiti mwenzake mwenye maabara ndogo upande wa Emali. Nilivipakia kwenye kikasha cha barafu, nikaondoka Jumamosi asubuhi. Nilipofika karibu na Sultan Hamud, yule mwenzake akanipigia simu. Alikuwa amefiwa na shangazi, yuko njiani kwenda mazishini, maabara ingefunguliwa Jumatatu.

Ningempigia Profesa. Hata nilitoa simu. Lakini nilijua angeniambia nirudi Kitui, na barafu ilikuwa inayeyuka, na dada yangu alikuwa na friza kubwa ya nyama umbali wa dakika chache. Nikaamua peke yangu. Nilivifunga vichupa kwenye mfuko mweupe, nikavisukuma kwenye kona ya chini, nikamwambia dada, "Hivi ni vya kazi. Usiviguse." Yeye alikuwa anakata vitunguu. Aliuliza, "Ni ile dawa yako ya mafuta?" Nami, bila kufikiri, nikajibu, "Ndiyo, ni hiyo."

Sasa nilikuwa nimekaa sakafuni na vichupa vitano mbele yangu, na jibu hilo likanirudia neno kwa neno.

Kwa sababu nilishawahi kulieleza jambo hili, na nilieleza kwa majivuno. Ilikuwa nyumbani kwa mama yetu, Kalamba, miezi kadhaa kabla. Tulikuwa watatu jikoni tukichambua mbaazi. Sisi humwita mama yetu Mwaitu, kama Wakamba wengi. Mwaitu aliniuliza hasa ninafanya nini huko Kitui miaka yote hii, maana wanawake wa kanisani humuuliza na yeye hana la kuwaambia. Nikatafuta maneno mepesi. Nikamwambia tuna dawa inayozuia mafuta yasiingie kwenye seli.

Ningesema kemikali, pengine asingeelewa, lakini lisingetokea lolote. Nilisema dawa. Kwetu dawa ni ya kunyunyizia mahindi, dawa ni ya panya, dawa ni ya kuogeshea ng'ombe, na dawa pia ni ile mtu anayomeza apone. Mwaitu alifurahi. Aliuliza, "Na itakuja madukani lini?" Nikacheka, nikasema bado sana. Dada hakucheka. Aliendelea kuchambua mbaazi, akauliza swali moja tu: "Hata yale ya kwa ini?" Nikasema, "Hasa hayo."

Wakati huo sikujua kwamba kliniki ilikuwa imeshamwambia ini lake limejaa mafuta. Sukari nilijua, alianza vidonge mwaka uliotangulia. Ini alilificha.

Nilivirudisha vichupa vitano kwenye friza, nikafunga mlango wa chumba kwa kufuli, nikaenda kanisani kwa miguu. Nusu ya njia nilikimbia. Mwanamke mzima, kwa viatu vya wazi, Jumapili asubuhi, nikipita watu waliovaa vizuri wakinisalimia.

Kanisa lilikuwa limejaa. Kwaya ilikuwa imesimama mbele upande wa kushoto, na dada yangu alikuwa mstari wa pili, amevaa sare ya kijani. Alikuwa anaimba. Nilisimama dirishani na kumkagua kama ninavyokagua kisahani chini ya darubini. Midomo ilikuwa na rangi yake. Alipumua vizuri kati ya mistari. Mara moja alijipangusa shingo kwa leso, na moyo wangu ukaruka, lakini aliyesimama kando yake alijipangusa pia. Kulikuwa na joto.

Nilimwomba mama aliyekuwa mlangoni anisaidie kumwita. Akaninong'oneza, "Wacha wamalize wimbo." Wimbo haukuisha. Kila nilipodhani wamefika mwisho, kiongozi aliinua mkono na kiitikio kikaanza upya. Nilitazama saa ya simu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena.

Hatimaye wakakaa, na dada akaletwa nje. Tulisimama nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji.

"Kuna nini? Mwaitu yuko sawa?"

"Mwaitu yuko sawa. Dada, kuna kichupa kimetoka kwa friza."

"Kichupa gani?"

"Vile vidogo, vya kifuniko cha buluu."

"Sijaona mimi." Alisema upesi mno. "Yaani umenitoa kwa ibada juu ya kichupa?"

Alikuwa amenisogelea ili asisikike, na pumzi yake ikanifikia usoni. Kitunguu saumu. Si harufu hasa ya chakula. Ilikuwa ile nyingine, yenye utamu kidogo nyuma yake, ambayo nimeisikia kwa wanafunzi waliosahau glavu.

"Leo umekula kitunguu saumu?"

"Nile kitunguu saumu na naenda kuimba? Sijakula kitu tangu jana jioni. Tunafunga wiki hii, si nilikwambia?"

"Basi umekunywa."

Aliitazama Biblia yake, akaihamisha kutoka mkono huu kwenda mwingine.

"Dada, nisikilize. Sikasiriki. Nataka kujua saa tu. Saa ngapi?"

"Punguza sauti."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Kabla nioge." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, kama ya msichana. "Ilikuwa imeganda. Niliishika mkononi mpaka ikayeyuka, nikachanganya na maji ya moto na ndimu."

Ilikuwa inakaribia saa nne. Kemikali ilikuwa mwilini mwake kwa karibu saa nne nzima, tena kwenye tumbo tupu.

"Chote?"

"Nusu. Nyingine niliweka ya kesho."

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha mkono, akakifungua. Kichupa kilikuwa humo, kimefungwa vizuri kabisa, na kifuniko chake cha buluu. Nilikichukua nikakiinua kwenye mwanga. Kiowevu kilikuwa kimefika katikati. Nilijisikia ahueni ya ajabu, kwa sababu sasa nilikuwa na namba ya kumwambia mtu.

"Ni mbaya?" aliniuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Wewe si ndiye daktari?"

"Mimi si daktari. Nimekwambia mara ngapi mimi si daktari?" Nilisikia sauti yangu ikipanda. "Hakuna mtu amewahi kunywa hii kitu kwetu. Hakuna. Tunaweka tone kwa seli, basi. Sijui inafanya nini kwa mtu."

Hapo ndipo alipoogopa. Nilimwona uso ukibadilika. Mpaka dakika hiyo aliogopa kuaibika tu.

Mke wa pasta alikuwa ametuona. Alikuja akiuliza kama kuna mgonjwa, na kabla sijapanga maneno dada alisema, "Ni presha, Mama Pasta. Kichwa kinazunguka." Mama Pasta hakuuliza zaidi. Alichukua funguo za gari lao, tukaingia, na akaendesha kuelekea hospitali akiomba kwa sauti njia nzima. Mimi nilikaa nyuma na dada. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wake nikihesabu mapigo, naye alikuwa amenikazia macho akinisihi bila neno nisimwambie huyu mama kilichotokea. Mapigo yalikuwa ya kasi. Yangu pia.

Nilichokuwa nafikiria ni moyo. Watu hudhani moyo unaishi kwa sukari, lakini sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka kwa mafuta. Ukiziba mlango wa mafuta kwenye ini, mlango wa aina ileile uko moyoni. Kwa kweli nilikuwa najua jambo la kutuliza pia: kemikali hii huharibika ndani ya maji, na huenda ile ndimu na maji ya moto viliimaliza kabla haijafika popote. Nilijiambia hivyo mara nyingi ndani ya lile gari. Halafu nilikumbuka visahani vya mwezi uliopita, seli za misuli ya moyo zilizokuwa zikidunda vizuri mpaka tulipoongeza kipimo. Zilipunguza mwendo, zikapunguza tena, kisha baadhi zikasimama. Niliandika matokeo hayo kwa kalamu ya buluu na kwenda kunywa chai.

Hospitalini tulipokewa na afisa wa kliniki kijana, mwembamba, aliyekuwa peke yake zamu ile. Mama Pasta alipobaki nje, nilimwambia kila kitu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hii kemikali ina dawa ya kuitengua?"

"Hapana."

"Imewahi kupewa binadamu?"

"Mimi sijui mtu aliyewahi kupewa. Kwetu ni seli tu."

"Na wewe ndiye uliileta nyumbani?"

"Ndiyo."

Aliliandika hilo pia. Alimgeukia dada, akamwita kwa heshima. "Mama, unatumia dawa zingine?"

"Za sukari."

"Za leo umekunywa?"

"Asubuhi. Zote mbili, kama kawaida."

"Na hujala tangu jana?"

"Nafunga."

Nilimwona akiacha kuandika. Alimchoma kidole, akaangalia kipimo. Sukari ilikuwa chini lakini haijafika pabaya. Alimwekea dripu, akamlaza, akambandikia nyaya za mashine ya kupima mapigo ya moyo, akatoa kipande cha karatasi chenye mistari na kukitazama kwa muda mrefu. Kisha alitoka kumpigia simu daktari mkubwa wake.

Nami nikatoka nikampigia Profesa. Aliitikia baada ya mlio wa kwanza.

"Profesa, samahani kukusumbua Jumapili. Kuna jambo limetokea na ni kosa langu."

Nilimweleza.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Nusu ya kichupa. Nimekiona kwa macho."

Nilisikia akivuta kiti, akiandika. Alinisomea hesabu yake, tukalinganisha na yangu, zikakubaliana. Ilikuwa miligramu chache tu. Alinikumbusha kuhusu maji.

"Nadhani sehemu kubwa ilikufa ndani ya kikombe," alisema. "Lakini sijui. Mwambie daktari hivyo hivyo, kwamba msimamizi wako amesema hajui. Usimpe matumaini ambayo hatuna. Waangalie moyo, waangalie sukari." Halafu akauliza, "Vile vitano viko wapi sasa?"

"Kwenye friza ya hoteli yake."

"Pamoja na nyama ya wateja?"

"Ndiyo."

"Tutaongea," akasema, na akakata.

Tulikaa. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Kila nusu saa walipima sukari, kila saa karatasi ya mistari. Mimi nilijifunza kuisoma ile mashine kwa siku moja, au nilijidanganya nimejifunza. Dada alikuwa amelala chali, sare yake ya kijani imefunguliwa kifuani kwa ajili ya nyaya, harufu ya kitunguu saumu imejaa kile chumba.

"Mbona hukuniuliza?" nilimwambia.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Sasa unaona." Alitazama dari. "Wewe unajua nimefanya nini mwaka huu? Nimekunywa ile chai ya pakiti mpaka nikaharisha siku nne. Natembea kila asubuhi mpaka reli na kurudi kabla sijafungua hoteli. Nimeacha soda. Nimeacha ugali jioni. Nakaanga chapati mia na sionji moja. Na nikienda kliniki wananipima, wanatingisha kichwa, wananiambia mama, punguza mwili. Kama kwamba mwili ni kitu cha kuacha nyumbani."

"Kuhusu ini ungeniambia."

"Nikuambie ndiyo unitingishie kichwa pia? Halafu unakuja kwangu na dawa ndani ya mfuko. Umeibeba kutoka Kitui. Nikalala nikifikiria, huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, na hiyo dawa anapatia seli. Mimi nina ini zima hapa."

"Hizo seli huwa tunaziua, Dada," nikasema. "Nyingi zinakufa. Hiyo ndiyo kazi yetu. Tunaweka, tunaangalia, tunaandika zimekufa ngapi. Sikuwaeleza hiyo sehemu pale Kalamba. Niliwaeleza ile ya kupendeza."

Aligeuza kichwa akanitazama. Sijui alikuwa anataka kusema nini, kwa sababu alianza kutetemeka.

Ilianza mikononi. Kisha jasho likamtoka kote, jasho la baridi, na akaniita kwa jina la utotoni ambalo hajalitumia miaka mingi, akasema haoni vizuri. Mashine ilianza kulia haraka. Nilipiga kelele. Muuguzi aliingia akikimbia, na yule afisa nyuma yake, akamchoma kidole tena na kusema, "Sukari imeanguka." Walimsukumia sindano ya glukosi kwenye mshipa. Mimi nilisukumwa hadi ukutani na nikabaki hapo, mgongo kwenye saruji baridi. Nilijaribu kuomba, nami nimelelewa kanisani, na sikupata neno hata moja. Kilichokuja kichwani ni zile seli zilizosimama.

Dakika zilipita, sijui ngapi. Jasho lilikauka. Alifumbua macho akauliza kama ibada imeisha.

Afisa aliketi kwenye kiti changu akashusha pumzi. "Vidonge vya sukari bila chakula peke yake vinaweza kufanya hivi," aliniambia. "Tunaona kila mara kanisa likifunga. Lakini siwezi kukwambia kemikali yako haikuchangia."

"Hata mimi siwezi," nikasema.

Na mpaka leo siwezi. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi, nikiwa na karatasi na nikiwa kitandani, na kila mara hufika mahali ambapo ninalazimika kukisia.

Walimpa uji, wakamweka wodini chini ya uangalizi. Sukari haikuanguka tena. Mistari ya moyo ilibaki kama ilivyokuwa. Kesho yake, karibu saa sita mchana, waliondoa nyaya, wakamwandikia arudi kupimwa damu baada ya wiki moja. Harufu ilikuwa imeanza kupungua. Mama Pasta alikuja kutuchukua na chupa ya supu, na humo garini dada mwenyewe, bila kuulizwa, alisema, "Mama Pasta, nilikudanganya jana. Haikuwa presha." Akamweleza yote. Mama Pasta akasema kwamba katika kikundi chao cha kina mama anawajua wengine wawili wanaokunywa vitu vya ajabu vya kupunguza mwili, na kwamba hajui awaambie nini.

Profesa alinipokea Kitui siku ya Jumanne. Hakupaza sauti. Aliniagiza niandike taarifa kamili ya kilichotokea, kwa mkono wangu, bila kupamba, na akaipeleka kwa kamati ya usalama ya chuo. Vile vichupa vitano na kile cha nusu viliteketezwa mbele yangu, kwa sababu havikuwa vya kuaminika tena, na kazi iliyotegemea vichupa hivyo ikabidi ianze upya. Mimi nilisimamishwa kuingia maabara kwa miezi mitatu. Nilikubali. Kitu kimoja tu nilipinga: mjumbe wa kamati aliyesoma taarifa hiyo alisema dada yangu aliiba kemikali. Niliandika barua nyingine kusema hakuiba. Dada aliniuliza kama ni ile dawa, nami nikamwambia ndiyo.

Ilibaki Mwaitu. Tulikwenda Kalamba pamoja, mimi na dada, Jumamosi iliyofuata vipimo vya damu. Vipimo vilikuwa kama vya zamani, havikuwa vibaya zaidi. Tulimkuta Mwaitu akianika mahindi. Tuliketi naye kwenye kivuli cha ghala na dada akasimulia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kuingilia kati na kuchukua lawama, lakini hakunipa nafasi.

Mwaitu alinitazama mimi kwanza. "Wewe uliyesoma," alisema. Basi. Halafu akamgeukia dada. "Na wewe mkubwa wao." Akainuka, akaingia ndani, na kwa muda mrefu tulisikia sufuria zikigongana. Alipotoka alikuwa amebeba muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mboga, na sahani ya dada ilikuwa na mboga nyingi na nafaka kidogo. Hakutuambia tena neno juu ya jambo hilo siku ile. Lakini tulipokuwa tunaaga, alinishika mkono akaniuliza polepole, dada asisikie: "Angekufa?"

"Sijui, Mwaitu."

"Usinijibu kama mtu wa ofisi."

"Ningekuwa najua ningekwambia. Niliogopa angekufa. Hilo najua."

Akatikisa kichwa, akaniachia mkono.

Miezi minane baadaye nilimpeleka dada mjini Wote kufanyiwa skani ya ini. Alikuwa amebadilishiwa vidonge, na alikuwa ameajiri mtu wa kukaanga chapati ili yeye akae mbali na mafuta ya moto. Amepungua kidogo, si kwa kiasi ambacho mtu wa nje angeona. Nilisimama kando ya kitanda wakati mhudumu akimpaka ile jeli baridi tumboni na kukipitisha kile kifaa chake huku na huku, akitazama kioo.

"Mafuta bado yapo?" dada aliuliza.

"Bado yapo, mama."

"Yameongezeka?"

Mhudumu alilinganisha na picha ya zamani. "Hapana. Hayajaongezeka. Huenda yamepungua kidogo hapa pembeni, daktari ataangalia."

Dada akanyoosha kidole kuelekea kile kioo cha kijivu, akaniambia, "Hebu nionyeshe. Liko wapi hilo ini lenyewe?"

Nikainama karibu yake. Nilimwambia sijazoea kusoma picha za aina hii, na nikamwomba mhudumu atuonyeshe sote wawili.